Gia ya Meno 127 Isiyopatikana Dukani: Kisa cha Mtambo wa Antikythera Uliojengwa kwa LEGO

Mwaka 2010 Andrew Carol, mhandisi wa programu za kompyuta katika kampuni ya Apple nchini Marekani, alikamilisha mashine ya mezani aliyoiunda kwa vipande vya LEGO, vile vya plastiki vya kuchezea watoto, vya aina ya Technic yenye gia na ekseli. Ilikuwa na vipande takriban 1,500, zikiwemo gia zaidi ya 100, na mtu aliyeizungusha kwa mkono aliweza kwenda mbele au kurudi nyuma katika miaka na kusoma siku ambazo jua litapatwa. Kazi hiyo ilifuata mtambo wa Wagiriki wa kale uliookolewa kutoka baharini karibu na kisiwa cha Antikythera, na ilijulikana sana kupitia filamu fupi iliyotengenezwa na John Pavlus. Watazamaji wengi walistaajabu kuona vitu vya kuchezea watoto vikitabiri mambo ya mbinguni. Mimi nitashughulika na jambo dogo zaidi, ambalo naona ndilo lililoipa kazi hiyo ugumu wake wa kweli: mtambo wa kale ulihitaji gia zenye idadi ya meno ambayo haipatikani katika boksi lolote la LEGO, ilhali mjenzi wa vipande hivyo, kwa desturi ya wenzake, hakati kipande, hagandishi kwa gundi na hachongi jino jipya.

Tuanze na mtambo wenyewe, kwa kuwa bila kuujua hatuwezi kuona tatizo liko wapi. Mwaka 1900 wazamiaji wa sifongo kutoka kisiwa cha Symi walikuta mabaki ya meli iliyozama katika karne ya 1 kabla ya Kristo. Miongoni mwa sanamu na vyombo vilivyotolewa kulikuwa na bonge la shaba lililoliwa na chumvi ya bahari, na mwaka 1902 mwanaakiolojia Valerios Stais aligundua ndani yake gurudumu lenye meno. Leo vimebaki vipande 82, vilivyohifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Mambo ya Kale mjini Athens, na ndani yake zimetambuliwa gia 30. Mwanahistoria wa sayansi Derek de Solla Price alichapisha mwaka 1974 uchambuzi uliotokana na picha za eksirei, na baadaye, mwaka 2005, vipande hivyo vilipigwa picha kwa mashine ya eksirei yenye uwezo wa kuonyesha tabaka moja moja. Matokeo yake yalitoka katika jarida la Nature mwaka 2006, na kuanzia hapo idadi ya meno ya gia muhimu ikawa haina ubishi mkubwa.

Mtambo huo ulikuwa kalenda inayozunguka. Mtu aligeuza mkono ulio ubavuni, na akrabu za mbele na nyuma zikaenda kila moja kwa mwendo wake: moja ikaonyesha jua katika nyota za mwaka, nyingine mwezi, nyingine mahali tulipo katika mzunguko wa kupatwa kwa jua na mwezi. Mwendo huo wote ulitokana na uwiano wa meno peke yake. Wataalamu wa nyota wa Babeli walikwishajua kwamba miaka 19 ni karibu sawa kabisa na miezi 235, tukihesabu mwezi mwandamo hadi mwezi mwandamo. Katika miaka hiyo hiyo mwezi huzunguka na kurudi kwenye nyota ile ile mara 254, yaani 235 kwa kuongeza 19, kwa sababu dunia nayo imekwisha kulizunguka jua mara 19. Kwa hiyo akrabu ya mwezi lazima izunguke mara 254 wakati akrabu ya jua inazunguka mara 19. Kuhusu kupatwa, kipindi kinachotumika, yaani muda ambao baada yake kupatwa hujirudia, ni miezi 223, ambayo ni miaka 18 na siku 10 au 11 hivi, kutegemea idadi ya miaka mirefu iliyopita katikati.

Fundi wa shaba alilitatua suala la mwezi kwa jozi tatu za gia: meno 64 yakasukuma 38, meno 48 yakasukuma 24, na meno 127 yakasukuma 32. Ukizidisha uwiano huo wote unapata 254 kwa 19 bila kubakiza chochote. Fundi alijua kwamba 127 ni namba tasa, haigawanyiki kwa nyingine yoyote isipokuwa moja na yenyewe, na kwa hiyo hakuna njia ya kuipata kwa kuzidisha gia ndogo ndogo. Akachukua tupa, akachonga gurudumu lenye meno 127. Kwa ajili ya kupatwa kwa jua akachonga jingine lenye meno 223, namba tasa pia. Ni kazi ya uvumilivu mkubwa, lakini kimawazo ni njia nyoofu: ukihitaji namba fulani, unaichonga.

Mjenzi wa LEGO hana njia hiyo. Gia za kawaida za Technic alizokuwa nazo mtu wa mwaka 2010 zina meno 8, 12, 16, 20, 24, 36 na 40. Zitazame kwa jicho la mwalimu wa hesabu na utaona kwamba vigawo vyake tasa vyote ni 2, 3 na 5. Ukiongeza ile meza ya kuzungukia yenye meno 56, unajipatia 7, na safari inaishia hapo. Ukizipanga gia hizi katika mnyororo wa urefu wowote, hata zikijaza chumba, hutapata 19, wala 127, wala 223, kwa sababu kuzidisha hakuzai namba tasa ambayo haikuwemo tangu mwanzo.

Inafaa kueleza kwa nini idadi za meno ni hizo, maana mtu anaweza kudhani kiwanda kilichagua ovyo. Matundu ya mihimili ya Technic yamepangwa kwa nafasi ya milimita 8 kutoka kitovu hadi kitovu, nafasi ile ile ya vifundo vya tofali lililoombewa hataza mwaka 1958. Gia nazo zimechongwa kwa kipimo ambacho nusukipenyo cha kila moja, kwa milimita, ni nusu ya idadi ya meno yake. Gia ya meno 8 ina nusukipenyo cha milimita 4, ya meno 24 ina milimita 12, ya meno 40 ina milimita 20. Gia ya 8 ikishikana na ya 24, vitovu vyake vinakaa milimita 16, yaani hatua mbili kamili za matundu. Ya 8 na ya 40 zinakaa hatua tatu, ya 24 na ya 40 hatua nne, ya 12 na ya 20 hatua mbili, ya 12 na ya 36 hatua tatu. Uwiano unaokaa vizuri kwenye matundu kwa hiyo ni 3, 5, na 5 kwa 3. Hata 2, namba ambayo kila mtu angeidhania kuwa rahisi kuliko zote, inasumbua: gia ya 8 na ya 16 zinahitaji umbali wa hatua moja na nusu, na mjenzi lazima atafute vipande ambavyo matundu yake yamesogea nusu hatua. Nalisisitiza hili kwa sababu watu husema LEGO inakuruhusu kujenga chochote, na katika mambo ya gia kauli hiyo si kweli.

Carol alipita njia nyingine, naye hakuwa mgeni wa mambo haya. Kabla ya hapo alikuwa amejenga kwa vipande hivyo hivyo mashine ya kukokotoa iliyofuata wazo la Charles Babbage, Mwingereza wa karne ya 19 aliyetaka majedwali ya hesabu yatengenezwe na magurudumu badala ya makarani. Alijua kwamba gia zikishindwa kuzidisha hadi namba unayoitaka, bado zinaweza kujumlisha, na kifaa cha kujumlisha kimo katika boksi la Technic na kimo pia chini ya kila lori linalopita barabarani. Ni difu.

Fundi yeyote wa gereji anaifahamu difu kwa upande wa gari. Gari likikata kona, gurudumu la nje huzunguka zaidi kuliko la ndani, na propela shafti haiwezi kuyasukuma yote mawili kwa kasi moja bila moja kuburuzwa. Difu inaruhusu tofauti hiyo kwa sharti moja: kasha lake linazunguka kwa wastani wa magurudumu mawili. Gurudumu moja likizunguka mara 12 na jingine mara 8, kasha limezunguka mara 10. Sasa geuza mambo. Badala ya injini kusukuma kasha na magurudumu kupokea, wewe sukuma ekseli mbili, kila moja kwa mwendo unaoujua, kisha soma kasha. Kasha limejumlisha mienendo miwili na kuigawa kwa mbili. Ukitaka kutoa badala ya kujumlisha, tia gia moja ya katikati upande mmoja ili ekseli hiyo izunguke kinyume.

Ili msomaji aone nguvu ya jambo hili, nimefanya hesabu ndogo kwa penseli. Si ramani ya mashine ya Carol. Ni mfano wangu wa kuonyesha kwamba njia ipo. Tuchukue shafti moja na kuiita moja. Kwa jozi za gia tunaweza kupata kutoka kwake 3, 5, 15 na 125, kwa kuwa 125 ni 5 mara tatu kwa kuzidishana, jozi tatu tu za 8 na 40. Difu ya kwanza ipewe 3 na 5. Kasha lake linatoa 4. Difu ya pili ipewe 15 na hiyo 4. Kasha linatoa 19 nusu, yaani tisa na nusu. Upande wa pili, difu ya tatu ipewe 1 na 3. Kasha linatoa 2, ile 2 iliyokuwa ikitusumbua kwenye matundu. Difu ya nne ipewe 125 na 2. Kasha linatoa 127 nusu, yaani sitini na tatu na nusu. Sasa tuna shafti moja inayozunguka 127 nusu na nyingine 19 nusu, na nusu zote mbili zinafutana. Uwiano kati ya shafti hizo ni 127 kwa 19 kamili, na ukizidisha kwa 2 kwa njia yoyote kati ya zilizotajwa, unapata 254 kwa 19, mwendo wa mwezi. Kwa 223 njia ni fupi zaidi: 225 ni 3 mara 3 mara 5 mara 5, nawe ukitoa 2 ndani ya difu, kasha linakupa 223 nusu.

Nilipomaliza mistari hiyo niliangalia tena orodha ya gia za shaba na kuona tofauti ya fikra kati ya mafundi wawili. Mgiriki aliiweka namba tasa katika chuma chake, jino kwa jino, na mnyororo wake ukawa wa kuzidisha tu. Mjenzi wa plastiki ameikuta namba tasa katikati ya namba mbili zinazopatikana kwa gia zake, 125 na 2, au 225 pungufu ya 2, akaifikia kwa kujumlisha. Hii ndiyo sababu mashine ya LEGO ina gia zaidi ya 100 ilhali zilizotambuliwa katika shaba ni 30. Wapo wanaoiona idadi hiyo kama ushahidi wa ukubwa wa kazi ya Carol, na kwa kiasi fulani ni kweli, lakini kwanza kabisa ni gharama ya kutokuwa na tupa.

Kwenye karatasi kila kitu kinazunguka bila shida. Mezani mambo ni mengine, na hapa ndipo wajenzi wengi wa hobi hushindwa na kuacha mashine nzuri ikiwa pambo. Tatizo la kwanza ni msuguano. Plastiki inayozunguka ndani ya plastiki bila beringi hukwama kidogo katika kila tundu, na mashine ya gia 100 ina matundu mengi. Ukijaribu kuendesha shafti ya 125 kwa kugeuza shafti ya 1, msuguano wowote ulioko mwisho wa mnyororo unakurudia mkononi ukiwa umezidishwa mara 125, na ekseli ya LEGO, ambayo ni kijiti chembamba chenye umbo la msalaba, itajinyonga kabla gia haijasogea. Dawa yake inajulikana na yeyote aliyewahi kupandisha baiskeli mlima akiwa katika gia isiyofaa: mkono wa kugeuzia lazima uwekwe kwenye shafti ya kasi, ili nguvu ishuke kuelekea kwenye shafti za polepole. Wagiriki nao hawakuunganisha mkono wao moja kwa moja na gurudumu la mwaka. Mzunguko mmoja wa mkono ulisogeza mtambo kwa siku 78 hivi, kwa hiyo mwaka mzima ulihitaji mizunguko minne na zaidi.

Tatizo la pili ni ulegevu kati ya jino na jino. Gia za Technic zimetengenezwa zishikane bila kubana, na katika mnyororo mrefu ulegevu huo hujilimbikiza kiasi kwamba unaweza kutikisa akrabu kwa kidole ilhali mkono wa kugeuzia umetulia. Nimewahi kusikia hoja kwamba kwa sababu hiyo mashine ya plastiki haiwezi kuaminika kwa miaka mingi ya hesabu, kwamba kosa litakua kila mzunguko. Hoja hiyo inachanganya mambo mawili. Ulegevu ni kosa la kusoma, na ukubwa wake haubadiliki: ukizungusha mashine miaka 10 au miaka 1,000, akrabu itatikisika kwa kiasi kile kile, kwa kuwa meno yamehesabiwa na hakuna jino linalopotea njiani. Kinachoharibu hesabu ni jino kuruka jingine, na likiruka mara moja tu, kila tarehe inayofuata ni ya uongo bila mashine kutoa dalili yoyote. Kwa hiyo uimara wa fremu, mihimili inayozishika shafti zisiachane hata milimita moja, ni sehemu ya hesabu yenyewe. Anayeitazama mashine ya Carol na kudhani mihimili ni makazi tu ya gia hajaelewa kazi yake.

Je, ni haki kuiita nakala ya mtambo wa Antikythera? Naona sivyo, na sisemi hivyo kwa kuishusha. Nakala ingekuwa na gurudumu la meno 223 mahali pale pale lilipokuwa. Ingekuwa pia na kile kifaa cha ajabu ambamo pini ya gia moja inateleza ndani ya mfereji wa gia nyingine yenye kitovu kilichosogea kidogo, ili mwezi uharakishe na kupunguza mwendo kama unavyofanya angani. Nakala za namna hiyo zipo, zimechongwa kwa shaba na watu waliotumia miaka, na zinatufundisha fundi wa kale alifanya nini. Mashine ya LEGO haiwezi kutufundisha hilo. Inatuonyesha jambo jingine: kwamba majibu ya mtambo hayakufungwa ndani ya umbo lake, na mtu aliyeelewa hesabu anaweza kuyafikia kwa vipande vilivyokusudiwa kujenga kreni na magari ya watoto. Makumbusho yangefanya vibaya kuziweka mbili hizo katika kabati moja kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja.

Katika filamu ile mashine ilielekezwa kwenye tarehe 8 Aprili 2024, wakati huo ikiwa bado miaka zaidi ya 13 mbele. Siku hiyo jua lilipatwa kikamilifu, na kivuli kikapita Mexico, Marekani na Kanada. Anayetaka kuhakiki kwa mkono anaweza kuanzia kupatwa kwa tarehe 29 Machi 2006, kulikoonekana Ghana, Niger, Libya na Uturuki. Ongeza miezi 223, yaani miaka 18 na siku 10 kwa kuwa katikati kuna miaka mirefu mitano, nawe unafika 8 Aprili 2024.

Msomaji wa Tanzania ana mfano ulio karibu zaidi. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, wakaona jua likibaki pete kuzunguka mwezi. Kupatwa huko ni mtoto wa kule kulikoonekana Indonesia na Malaysia tarehe 22 Agosti 1998, na mdogo wake atatokea tarehe 12 Septemba 2034 huko Amerika ya Kusini. Kwa nini hakurudi mahali pale pale? Kwa sababu miezi 223 si siku kamili. Ni siku 6,585 na karibu saa 8, na katika saa hizo 8 dunia inageuka theluthi moja, hivyo kivuli kinaangukia magharibi zaidi kila mara. Fundi wa shaba alilijua hilo. Nyuma ya mtambo wake, ndani ya uso wa kupatwa, aliweka uso mdogo uliogawanywa mara tatu, sehemu moja ikiwa tupu, nyingine ikiwa na alama ya 8 na ya tatu alama ya 16, zikiwa saa za kuongeza kwa kila awamu. Akrabu yake huchukua miaka 54 na mwezi mmoja hivi kuzunguka mara moja. Ukiianzisha siku ile ya Rujewa, itakamilisha mzunguko wake tarehe 4 Oktoba 2070, na pete itakuwa imerudi upande wa Afrika.